Mmegongana kidogo Lubumbashi: kumaliza pale pale au kutangaza kwa bima?

Wakigongana kidogo hapa Lubumbashi, watu wanashuka na kuangalia kitu kimoja: parshoki, yaani bampa. Imepasuka namna gani, tolier (fundi wa bati) atachukua ngapi, nani atoe makuta (pesa). Hesabu ikiwa ndogo wanasikilizana, wanapeana, kila mtu anashika njia yake. Mimi naona swali la bei lingoje kwanza. Lililo mbele yake ni hili: kesho au kesho kutwa nani anaweza kurudi kukudai, na wewe utakuwa umeshika nini mkononi? Ukilijibu hilo, kuchagua kati ya kumaliza pale pale na kutangaza kwa bima hakutakusumbua sana, hata kama umesimama katikati ya avenue Kasapa, jua kali, mabasi yanapiga honi nyuma yako.

Bima yako inamlipa nani?

Wengi wanaanza hesabu bila kujua jambo hili. Bima ambayo roulage (polisi wa trafiki) anakuuliza barabarani ni ile ya lazima, ya kumlinda mtu wa tatu. Ililazimishwa kwa sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, na Code ya bima, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, imeiacha kuwa lazima. Code hiyo ndiyo iliyofungua soko ambalo SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa nalo peke yake tangu 1966. Mwaka 2019 kampuni za binafsi zikaanza kupewa ruhusa, chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya bima ya nchi. Kwa hiyo leo motokari mbili zilizogusana pale Kamalondo zinaweza kuwa na kampuni mbili tofauti, kila moja na fomu zake na masharti yake.

Lakini kampuni yoyote iwe, bima ya mtu wa tatu inafanya kazi moja: inalipa hasara uliyomletea mwingine. Parshoki yako haimo. Ukirudi nyuma usiku ukagonga geti la nyumba yako mwenyewe, na bima yako ni hiyo ya lazima tu, hakuna fidia ya kwenda kudai. Tafuta tolier, lipa, basi.

Mengine yanategemea nani mwenye kosa. Kosa likiwa lako, kutangaza ni kuiomba kampuni yako imlipe mwenzako badala ya mfuko wako. Kosa likiwa la mwenzako, anayepaswa kukulipa ni kampuni yake. Ya kwako unaiarifu ili ikusaidie kudai, na ili isishtuke siku yule mtu akigeuza maneno na kusema wewe ndiye uliyemgonga. Na kama umelipia bima kubwa, ile ya hatari zote, kampuni yako itatengeneza hata motokari yako, ila itatoa kwanza franshizi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mkataba umeandika kwamba utaibeba wewe.

Basi kabla ya kubishana kuhusu nani atoe ngapi, chukua simu na upige picha karatasi ya bima ya mwenzako: jina la kampuni, namba ya mkataba, na zaidi ya yote tarehe ya mwisho. Bima iliyoisha mwezi uliopita haimlipi mtu. Ukikuta imeisha na kosa ni lake, ujue unamdai yeye mwenyewe, na hapo kusikilizana mbele ya mashahidi ni njia nzuri kwa sababu nyingine karibu haipo.

Kusikilizana: kunafaa wapi, kunavunjika wapi

Sitaki kuidharau njia hii. Mtu anakuambia, “Papa, tusikilizane hapa hapa, tusiitishe watu,” na mara nyingi ana haki. Unaokoa nusu siku. Huachi motokari yako kwenye kituo cha polisi. Bonus yako ya bima, yaani punguzo la asiyeleta ajali, inabaki, kama mkataba wako una bonus. Na wengi, tuseme ukweli, wanaogopa mzunguko wa roulage kuliko wanavyoogopa hasara yenyewe.

Inashika vizuri mahali ambapo ni bati na plastiki tu zimegusana, hakuna mtu aliyeguswa, na wenye motokari wote wawili wapo. Neno “wenye” nimelichagua kwa makusudi. Taxi nyingi za mji huu zinaendeshwa na shofa ambaye si mwenye gari. Anatoa versement (makuta ya kumpelekea mwenye gari) kila siku, na kitu anachokiogopa zaidi ni kurudi jioni bila hiyo versement. Atakubali hesabu yoyote inayomrudisha kazini haraka. Kesho yake mwenye gari anaona kiti cha fare (taa ya mbele) kimekatika, anampigia shofa kelele, shofa anatoa namba yako ya simu. Mwenye gari hakukubali kitu. Makuta uliyotoa jana kwake ni kama hukutoa. Kwa hiyo ukigongana na taxi, mpigie mwenye gari palepale, muongee, mtumie picha. Asipopatikana, usimalize.

Na kumbuka upande wa pili wa jambo hilo hilo: kama gari lililogonga ni lako lakini dereva ni shofa wako, kifungu cha 260 cha Code civile, kitabu cha tatu, kile cha dekreti ya 30 Julai 1888, kinaweza kukushika wewe kwa kosa lake akiwa kazini. Kifungu cha 258 kinasema anayeharibu kwa kosa lake atengeneze. Cha 260 kinaongeza yule aliyemtuma. Huwezi kusema “mimi sikuwepo.” Mwambie shofa wako tangu leo: asiahidi kitu kwa jina lako, akupigie.

Jambo la pili linalovunja masikilizano ni hasara iliyojificha. Parshoki za motokari tulizonazo, hizo Toyota zinazoingia kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa, ni plastiki inayorudi mahali pake. Unaona mkwaruzo tu, kumbe nyuma yake radiator imesukumwa, au shikizo la fare limevunjika, au longeron (boriti ya fremu ya gari) imepinda kidogo na gari litaanza kula tairi upande mmoja. Kabla ya kutaja bei, fungua boneti. Angalia chini kama kuna maji au mafuta yanadondoka. Funga na ufungue buti na milango. Washa taa. Kama mnaweza, endeni wote wawili kwa garajisti mmoja mnayemkubali na mumsikie kabla ya kupeana. Bei iliyosemwa na garajisti ina uzito kuliko bei iliyosemwa kwa hasira.

Halafu andikeni. Karatasi moja yenye majina, namba za gari, siku, saa, mahali, kitu kilichoharibika, kiasi kilicholipwa, na maneno kwamba mpokeaji ameridhika kwa hasara hiyo ya motokari na hatadai tena. Sahihi za wote, na shahidi mmoja ambaye si ndugu wa yeyote. Lipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money badala ya noti mkononi, maana simu inaweka kumbukumbu ya nani alipokea na lini. Karatasi bila alama ya malipo ni nusu. Malipo bila karatasi, mtu anaweza kusema yalikuwa ya kitu kingine.

Tahadhari moja juu ya maandishi hayo, ikiwa bado kuna uwezekano utapeleka jambo kwa bima. Andika yaliyotokea: “gari A lilikuwa linatoka, gari B lilikuwa linapita, zimegusana hapa.” Usiandike “nakubali kosa ni langu na nitalipa yote.” Mikataba ya bima kwa kawaida ina kifungu kinachosema kampuni haifungwi na ahadi ambayo mteja ameitoa bila yenyewe. Ukiahidi dola 400 barabarani na mtaalamu wao akaona hasara ni 150, zile 250 zinaweza kubaki shingoni mwako.

Kutangaza: gharama yake na faida yake

Gharama ya kwanza ni muda. Kampuni itataka fomu ya tamko, nakala ya carte rose (kadi ya gari), ya permis (leseni), ya karatasi ya bima, picha, na mara nyingi PV (ripoti ya maandishi) ya polisi. PV ina maana ya kungoja OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) afike au kwenda kituoni, kueleza, kurudi kuichukua. Mtaalamu wa kampuni anaweza kutaka kuliona gari kabla halijaguswa, kwa hiyo usikimbilie kwa tolier halafu uende na faktura tu. Mtu anayeishi kwa gari lake, kila siku anayongoja ni siku ya mkate.

Gharama ya pili ni bonus. Muulize ajenti wako swali hili mapema, siku ya kulipa primu (ada ya bima), wala si siku ya ajali: ajali moja ya kosa langu inaongeza ngapi mwaka ujao? Pata namba. Ukiwa nayo, hesabu ni nyepesi. Tuseme bima yako ni ya hatari zote na franshizi ni dola 150. Tolier na peintre (fundi wa rangi) wanaomba 120: bima haitatoa kitu kwa gari lako, lipa mwenyewe. Wakiomba 200, kampuni itatoa 50, na kama primu itapanda kwa dola 60, umepoteza. Wakiomba 700, peleka bila kusita. Namba hizi ni za mfano; weka za kwako.

Lakini hesabu hiyo inahusu motokari yako peke yake, na watu wanaivuta hadi mahali isipofaa. Kwa hasara ya mwingine, faida ya bima haipimwi kwa dola za leo. Ukitangaza, madai ya yule mtu yanaelekezwa kwa kampuni. Akiongeza bei, kampuni inamtuma mtaalamu. Akienda mahakamani, kampuni ina watu wa kujibu. Usipotangaza, yote hayo unayabeba wewe, pamoja na hatari ya kwamba siku utakapokuja kutangaza muda utakuwa umepita. Kila mkataba una muda wa kutangaza, na huhesabiwa kwa siku, sio kwa miezi. Umeandikwa kwenye zile kondisyo zenerali (masharti ya jumla) ambazo ulipewa na karatasi ya bima. Zisome usiku wa leo, gari likiwa zima.

Mtu akiguswa

Hapa ndipo nasimama kabisa upande mmoja, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wanaumia.

Manseba, dereva wa taxi ya pikipiki, anakatiza kati ya magari karibu na soko la mtaa wa Kenya, nyuma kabeba mama na mfuko wa unga. Retroviza (kioo cha pembeni) yako inamgusa mkono, pikipiki inayumba, wanaanguka polepole. Wanasimama. Mama anakung’uta vumbi, manseba anaangalia pikipiki, mtu anasema, “Haina neno, endeni.” Umepewa ruhusa na kundi zima. Unatoa kitu kidogo kwa ajili ya unga uliomwagika, unaondoka na moyo mwepesi.

Mwili wa mtu aliyeanguka hausemi kila kitu dakika ileile. Mshtuko unafunika maumivu. Shingo na mgongo huanza kuuma baada ya masaa, mara nyingi siku ya pili. Aliyegonga kichwa anaweza kuongea vizuri mchana na kuanza kutapika usiku, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu. Tumbo vilevile. Kwa hiyo yule mama hakukudanganya aliposema haina neno. Alisema alichokisikia mwilini wakati huo. Na ndugu zake wakija kesho yake na cheti cha hospitali, hawajaja kukuibia, wana mgonjwa.

Wewe uko wapi sasa? Kama uliondoka bila kutangaza, huna PV, huna picha, huna jina la shahidi. Watu waliokuwa pale watakumbuka namba ya gari tu, na kwamba liliondoka. Code de la route, sheria namba 78-022 ya 30 Agosti 1978, inaadhibu kukimbia baada ya ajali. Kumuumiza mtu bila kukusudia pia ni kosa la jinai, liko katika Code pénal, vifungu vya 52 na 54. Karatasi ya “nimeridhika” mliyosainiana haimfungi parquet: mtu binafsi anaweza kusamehe fidia yake, lakini hawezi kufuta kazi ya mwendesha mashtaka. Na gharama ya hospitali haina dari. Parshoki unajua itaishia wapi. Mguu uliovunjika hujui, na nyuma yake kuna miezi ambayo huyo mtu hafanyi kazi.

Kwa hiyo mtu akiguswa, hata kama anacheka, fanya mambo manne na usihesabu bei. Mpeleke kuangaliwa, hospitali ya Sendwe au kituo cha karibu, na uweke karatasi za malipo. Polisi waandike. Chukua majina na simu za wawili watatu walioona. Tangaza kwa bima siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Kumpeleka mtu hospitali ni ubinadamu na hakuna kampuni itakayokulaumu kwa hilo. Kumlipia dawa ya kwanza si kukiri kosa. Kukaa kimya kwa kampuni yako kisha kuipelekea kesi baada ya miezi mitatu ndiko kutakakokuumiza.

Kuna jambo moja linalowatisha watu, na wana sababu: watu wakijaa na hasira, kubaki pale kunaweza kuwa hatari. Ukiona hivyo, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu au kwenye hospitali uliyompeleka mgonjwa, na utangaze hapo kwamba ni wewe. Kuondoka ili kujiwasilisha ni tofauti kabisa na kuondoka ili usijulikane, mradi ujiwasilishe mara moja.

Njia ya katikati

Kutangaza hakulazimu kudai. Unaweza kumwandikia ajenti wako: tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, gari langu na gari namba fulani zimegusana, hasara ni ndogo, hakuna aliyeumia, tumesikilizana, sidai kitu kwa sasa, naarifu tu. Ambatanisha picha na karatasi mliyosaini. Omba akuthibitishie kwa maandishi kwamba amepokea, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na uulize wazi kama taarifa isiyo na madai inagusa bonus.

Kwa ajali ndogo yenye mtu mwingine ndani yake, hii ndiyo njia ninayoipendelea. Unamaliza kwa tolier kama mlivyokubaliana, na mlango wa bima unabaki wazi kama yule mtu atarudi na jambo jipya. Pia inakulinda siku ukitaka kuhama kampuni, maana ile mpya inaweza kukuuliza kuhusu ajali zako za nyuma, na jibu la uongo kwenye fomu linaweza kuuvunja mkataba mzima wakati unauhitaji.

Hali nyingine, kwa haraka

Kioo cha mbele kilichopasuliwa na jiwe la lori kwenye barabara ya Likasi: kama mkataba wako una kipengele cha vioo, tangaza, kama hauna, usipoteze asubuhi yako. Hutampata lile lori.

Umegonga nguzo ya umeme ya SNEL au ukuta wa jirani: hao ni watu wa tatu kama wengine. Nguzo iliyoinama kidogo leo inaweza kuanguka mvua zikianza, na bei yake si ya mfukoni. Tangaza.

Gari la kampuni, hasa za migodi na wakandarasi wao: huna uchaguzi. Kusikilizana kwa niaba ya mwajiri bila kumwambia kunaweza kukugharimu kazi, hata kama uliokoa dola 80. Piga simu kwa mkubwa wako kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.

Na mkivuka Kasumbalesa kwenda Zambia, mambo yanabadilika tena. Kule wanaendesha kushoto, na migongano midogo ya siku ya kwanza inatokea kwenye rond-point (mzunguko wa barabara), mtu akiwa bado na mazoea ya huku. Bima yako ya ndani haikufuati. Kinachokulinda kwa mtu wa tatu ni carte jaune (kadi ya njano) ya COMESA, soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini, na madai yake yanashughulikiwa na ofisi ya mfumo huo katika nchi ilikotokea ajali, kwa sheria za nchi hiyo. Kwa hiyo usilipane Kitwe kisha urudi kutangaza Lubumbashi. Nenda polisi wa huko, pata ripoti yao kwa maandishi, arifu ofisi ya carte jaune ya huko kabla hujavuka mpaka, halafu mtumie ajenti wako nakala. Na kabla ya safari, angalia kama Zambia imeandikwa kwenye kadi hiyo na kama tarehe zake zinafika hadi siku ya kurudi.